Aliyeuawa Alikuwa Nani? Swali Ambalo Mahakama ya Marekani Ililikwepa

Warren McCleskey hakuwa mtu wa kuonewa huruma kirahisi. Mei 1978, yeye na wenzake watatu walivamia duka la samani mjini Atlanta, jimbo la Georgia. Yeye aliingilia mbele akiwa na silaha, akawalaza wateja kifudifudi, huku wenzake nyuma wakiwafunga wafanyakazi kwa utepe wa gundi. Kengele ya siri ikawafikia polisi. Askari mmoja mzungu akaingia kwa mlango wa mbele, na alipokuwa akitembea katikati ya duka zikalia risasi mbili. Moja ilimpata usoni, akafa. McCleskey, mtu mweusi, alishtakiwa kwa mauaji mbele ya juri yenye wazungu 11 na mweusi mmoja. Akahukumiwa kifo.

Naanza na uhalifu wake kwa sababu mabishano yetu kuhusu haki ya Marekani huwa na kasoro moja: kila upande huja na mtu wake. Huyu anakuja na George Floyd, mtu mweusi aliyeuawa na polisi, yule anakuja na jambazi mwenye rekodi ndefu, na hapo mazungumzo yanageuka kuwa mashindano ya nani anastahili huruma. Hoja ninayotaka kuipima hapa haihitaji mtu asiye na hatia. Inasimama hata kwa mhalifu kama McCleskey, na nadhani ndiyo maana inaeleweka vibaya kuliko zote. Mtu akisema "takwimu zinaonyesha ubaguzi", msikilizaji husikia "wahalifu weusi wanasingiziwa" au "kila jaji mzungu ni mbaguzi". Takwimu zenyewe hazikusema lolote kati ya hayo.

Neno juu ya juri kwanza. Ni raia wa kawaida, kwa kesi kubwa 12, wanaokaa kusikiliza ushahidi na kuamua kama mshtakiwa ana hatia. Wasifananishwe na wazee wa baraza tuliowazoea Afrika Mashariki, ambao jaji aliweza kuwasikiliza kisha akaamua la kwake. Juri ya Marekani ndiyo inayoamua, na huko Georgia juri ndiyo iliyokuwa ikisema huyu afe au aishi. Waliobaki katika genge lile la duka la samani hawakuhukumiwa kifo.

Rufaa ya McCleskey ilipokuwa ikipanda ngazi, mawakili wake walileta mahakamani utafiti wa Profesa David Baldus na wenzake wawili, Charles Pulaski na George Woodworth. Watafiti hao walikuwa wamechambua zaidi ya kesi 2,000 za mauaji zilizotokea Georgia miaka ya 1970. Walizipanga kwa rangi ya muuaji na rangi ya aliyeuawa, wakaangalia nani alipata adhabu ya kifo. Kati ya weusi walioua wazungu, 22 katika kila 100. Kati ya wazungu walioua wazungu, 8. Wazungu walioua weusi, 3. Weusi walioua weusi, 1.

Zitazame namba hizo polepole, kwa maana ndimo yalimo yote nitakayoyasema. Mtu anayetafuta ubaguzi wa kawaida, ule wa "mweusi anaadhibiwa zaidi", atakwama hapo hapo: mweusi aliyeua mweusi mwenzake ndiye aliyeponea kuliko wote. Mstari mkuu unapita kwa marehemu. Ukijumlisha, waliowaua wazungu walihukumiwa kifo 11 katika 100, waliowaua weusi 1 katika 100. Katika jimbo ambalo weusi ndio walikuwa wakiuawa zaidi.

Pingamizi la haraka linajulikana, na ni la haki. Mauaji hayafanani. Mtu anayeuawa na jirani yake katika ugomvi wa ulevi Jumamosi usiku si sawa na mwenye duka anayepigwa risasi na jambazi asiyemjua, na inawezekana kabisa kwamba wazungu wengi zaidi waliuawa kwa namna ya pili. Kama ni hivyo, tofauti ya adhabu ni tofauti ya makosa. Baldus alilijua hilo, akakusanya habari za kila kesi kwa mamia ya vipengele: kulikuwa na wizi, kulikuwa na mateso, mshtakiwa aliwahi kufungwa, waliouawa ni wangapi, aliyeuawa ni nani kwa muuaji. Baada ya kusawazisha mambo 39 yasiyohusu rangi, tofauti haikutoweka. Aliyeshtakiwa kwa kuua mzungu alikuwa na uwezekano mara 4.3 wa kuhukumiwa kifo kuliko aliyeshtakiwa kwa kuua mweusi. Rangi ya mshtakiwa mwenyewe, kwa hesabu hiyohiyo, ilikuwa na uzito mdogo sana: mara 1.1.

Watu huisoma ile 4.3 na kuendelea na safari. Mimi huwa nashindwa kuiacha. Jaji William Brennan, aliyepinga uamuzi wa wenzake, aliigeuza kwa namna ya kumfanya mtu akae wima: kati ya kila washtakiwa 11 waliohukumiwa kifo Georgia kwa kumuua mzungu, 6 wasingehukumiwa kifo kama waliowaua wangekuwa weusi. Zaidi ya nusu. Kosa lilelile, silaha ileile, rekodi ileile ya mshtakiwa, na watu 6 kati ya 11 wapo kwenye chumba cha kusubiri kifo kwa sababu ya ngozi ya mtu aliyelala kaburini.

Kisha kuna suala la mahali ubaguzi huo ulipojificha. Katika mauaji mepesi, karibu hakuna aliyehukumiwa kifo, awe ameua nani. Katika yale ya kutisha kabisa, karibu kila mtu alihukumiwa kifo, awe ameua nani. Rangi ilifanya kazi yake katikati, pale ambapo mwendesha mashtaka angeweza kuamua hivi au vile na juri ingeweza kuamua hivi au vile. Katika kesi hizo za katikati, waliowaua wazungu walihukumiwa kifo takriban 34 katika 100. Waliowaua weusi, 14. Kesi ya McCleskey ilikuwa ya katikati.

Na kabla ya juri kuna mwendesha mashtaka, ambaye katika majimbo mengi ya Marekani huchaguliwa kwa kura na ndiye anayeamua kama ataomba kifo au la. Baldus alikuta kwamba waliomba kifo kwa asilimia 70 ya weusi walioua wazungu, asilimia 32 ya wazungu walioua wazungu, asilimia 19 ya wazungu walioua weusi na asilimia 15 ya weusi walioua weusi. Hapa hakuna hukumu bado. Ni afisa mmoja mezani kwake, na faili.

Katika kaunti ya Fulton, yalikotokea mauaji yale, kati ya 1973 na 1979 watu 17 walishtakiwa kwa kuua polisi. McCleskey peke yake ndiye aliyehukumiwa kifo. Kesi nyingine moja tu ilifika kwenye hatua ya kujadili adhabu ya kifo. Mshtakiwa alipata kifungo cha maisha. Polisi aliyeuawa katika kesi hiyo alikuwa mweusi.

Aprili 1987 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi, majaji 5 kwa 4, dhidi ya McCleskey. Jaji Lewis Powell ndiye aliyeandika. Jambo la kushangaza ni kwamba hakuzikataa hesabu. Alisema kwa ajili ya shauri hilo wanachukulia kwamba utafiti ni sahihi. Ila, alisema, utafiti unazungumzia kundi, na mbele yetu yuko mtu mmoja. Ili ashinde, lazima aonyeshe kwamba katika kesi yake hasa, mwendesha mashtaka wake au juri yake walimtendea hivyo kwa nia ya kibaguzi.

Nia hiyo angeipata wapi? Sheria ileile inalinda siri ya majadiliano ya juri, na mwendesha mashtaka halazimiki kueleza kwa nini aliomba kifo kwa huyu na si kwa yule. Ni kama kumwambia mtu alete maji huku umeshikilia kata.

Lakini sitaki kumpunja Powell. Hoja yake ina miguu, na wengi wanaomlaumu hawajamsoma. Kwanza, alisema, uhuru wa kuamua ndio mlango wa rehema. Juri inayoweza kumhukumu mtu kifo ndiyo inayoweza kumtazama mshtakiwa wa miaka 19 aliyekulia kwenye kipigo na kusema, huyu tumwache aishi. Ukiwabana wote kwa kanuni ili rangi isipenye, umebana na huruma pia. Pili, ukikubali hesabu hizi kwenye adhabu ya kifo, kwa nini zisitumike kwenye wizi, kwenye dawa za kulevya, kwenye dhamana? Na kwa nini rangi tu? Kesho atakuja mtu na takwimu za jinsia, keshokutwa za sura. Powell aliandika kabisa kwamba mtu angeweza kudai alionewa kwa sababu ya uzuri au ubaya wa sura. Mfumo mzima wa jinai ungewekwa kwenye mizani. Tatu, kazi ya kupima takwimu na kutunga sera ni ya mabunge, siyo ya majaji.

Kuna na swali la nne ambalo wapinzani wa hukumu ya kifo hawalipendi: dawa ni ipi? Kama tatizo ni kwamba waliowaua weusi wanaadhibiwa kidogo, njia mojawapo ya kusawazisha ni kuwanyonga zaidi waliowaua weusi, ambao kwa sehemu kubwa ni weusi wenyewe. Usawa wa namna hiyo nani anautaka? Jaji John Paul Stevens alijaribu kulijibu. Utafiti wenyewe, alisema, unaonyesha kwamba kwa makosa mazito kabisa rangi haina athari. Basi adhabu ya kifo ifinywe ibaki huko. Jibu hilo naliona zuri hadi leo, na ajabu ni kwamba wale majaji watano walioshinda hawakujisumbua kulijibu kwa uzito.

Ile hoja ya pili, ya kwamba mfumo wote utawekwa kwenye mizani, Brennan aliijibu kwa maneno machache yaliyokuja kuwa maarufu: kwamba inafanana na hofu ya haki kupita kiasi. Mimi naona Powell alikuwa anasema ukweli bila kukusudia. Kama kuuliza swali moja kungetikisa jengo zima, basi alikuwa anajua jengo lilivyo.

Kuna waraka unaonifanya niseme hivyo bila kusita. Januari 1987, kesi ikiwa bado inaamuliwa, Jaji Antonin Scalia aliwaandikia wenzake kwamba kwa maoni yake hisia zisizo na fahamu, pamoja na za rangi, zinaathiri maamuzi ya juri na ya waendesha mashtaka. Kwamba ni jambo la kweli, na haliwezi kung'olewa. Kwa hiyo hawezi kudai kwamba anachohitaji ni ushahidi zaidi. Kisha akapiga kura upande wa Powell. Waraka huo haukujulikana mpaka nyaraka za Jaji Thurgood Marshall zilipofunguliwa baada ya kifo chake mwaka 1993. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mahakama ile ilishindwa kuona. Iliona, na mmoja wao akaandika kwamba ameona.

Powell alistaafu mwaka huohuo wa 1987. Mwaka 1991, John Jeffries, aliyekuwa akiandika maisha yake, alimuuliza kama kuna kesi ambayo angebadili kura yake. Akajibu ndiyo, ya McCleskey. Septemba 25 ya mwaka huo huo wa 1991, McCleskey alikalishwa kwenye kiti cha umeme cha Georgia.

Sasa niwape nafasi wale wanaosema mjadala huu umepitwa na wakati au umeegemea upande mmoja, kwa sababu nao wana yao ya kusema, na si wote ni watu wenye chuki.

Wanasema: tazameni uhalifu wenyewe kabla ya kutazama magereza. Mwaka 2019, kwa takwimu za FBI, zaidi ya nusu ya watu waliouawa Marekani walikuwa weusi, ilhali weusi ni kama asilimia 13 ya wananchi. Wengi wao waliuawa na weusi wenzao, kama ambavyo wazungu wengi huuawa na wazungu wenzao. Mama anayelaza watoto chini ya dirisha kwa kuogopa risasi za mtaani anataka polisi, na si vibaraka wa wazungu wanaomfundisha hivyo. Sheria kali za dawa za kulevya za mwaka 1986, zilizoweka kifungo cha lazima cha miaka 5 kwa gramu 5 za crack, yaani kokeini ya vipande inayovutwa, wakati kokeini ya unga ilihitaji gramu 500, ziliungwa mkono na wabunge weusi pia, akiwemo Charles Rangel wa Harlem. James Forman, profesa wa Yale aliyewahi kuwatetea watu wasio na uwezo katika mahakama za Washington, ameonyesha jinsi viongozi weusi wa mji ule, polisi weusi na majaji weusi walivyoshiriki kujenga ukali ambao baadaye wote waliulaumu. Naye ni mtu mweusi, mtoto wa mwanaharakati wa haki za raia.

Wanasema pia mambo yanabadilika. Roland Fryer, mwanauchumi mweusi wa Harvard, alichunguza polisi wanavyotumia nguvu. Alikuta kwamba kwa kusukumwa, kufungwa pingu na kubanwa ukutani weusi wanaumia zaidi, lakini kwa kupigwa risasi data alizokuwa nazo hazikuonyesha tofauti ya rangi. Mwenyewe alikiri kwamba matokeo hayo yalimshangaza kuliko yote aliyowahi kupata. Ile ya gramu 5 kwa 500 ilipunguzwa mwaka 2010 ikawa 28 kwa 500. Na pengo la magereza ya majimbo, ambalo mwaka 2000 lilikuwa weusi wanafungwa zaidi ya mara 8 ya wazungu kwa kulinganisha idadi yao, mwaka 2020 lilikuwa limeshuka hadi karibu mara 5.

Yote hayo ni kweli na anayeyaficha anaidhuru hoja yake mwenyewe. Mara 5 bado ni mara 5, lakini tusijifanye hatukuona imetoka wapi.

Ninachowauliza watu wa upande huu ni kimoja. Mnasema mnamtetea marehemu mweusi, yule aliyesahauliwa na wanaharakati. Vizuri. Mwaka 2018 gazeti la Washington Post lilichambua mauaji zaidi ya 50,000 ya muongo mmoja katika miji mikubwa 50. Aliyeuawa akiwa mzungu, polisi walimkamata mtu katika asilimia 63 ya kesi. Aliyeuawa akiwa mweusi, asilimia 47. Hapo hatujafika kwa mwendesha mashtaka, wala kwa juri, wala kwenye kiti cha umeme. Tuko hatua ya kwanza kabisa, ya kumtafuta aliyefanya. Polisi wana maelezo yao: mashahidi hawasemi, genge linatisha mtaa. Ni kweli hawasemi. Lakini mtaa ambao zaidi ya nusu ya wauaji wake bado wanapita barabarani, nani atakuwa na ujasiri wa kusema?

Ukiunganisha hiyo 47 na ile 1 ya Baldus, inaonekana kitu ambacho pande zote mbili hukipita. Ukali na upuuzaji vinatoka chungu kimoja. Mtaa uleule uliokuwa ukifungiwa vijana wake kwa gramu 5 ndio ambao maiti zake hazitafutiwi wauaji. Wale wanaotaka sheria kali na wale wanaotaka magereza yapunguzwe wanagombania nusu nusu za jambo moja, na Baldus alikuwa ameliweka mezani likiwa zima hata kabla ya uamuzi wa 1987.

Kuhusu nia, ambayo Powell aliitaka, ziko kesi zinazoonyesha inavyopatikana, na ugumu wake ndio unaonishawishi kwamba kipimo hicho hakifai. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ilikuwa imekataza waendesha mashtaka kuwaondoa watu kwenye juri kwa sababu ya rangi. Mwaka uliofuata, mjini Rome, Georgia, kijana mweusi aitwaye Timothy Foster alisimamishwa mbele ya juri kwa kumuua bibi mzungu. Weusi wote waliobaki kwenye orodha ya wanaoweza kuingia kwenye juri waliondolewa na upande wa mashtaka, na kwa kila mmoja ikatolewa sababu isiyo ya rangi. Mwanamke mmoja wa miaka 34 aliambiwa umri wake unakaribiana mno na wa mshtakiwa, ambaye alikuwa na miaka 19. Wazungu wadogo kuliko yeye waliachwa wakae. Mahakama baada ya mahakama ikasema sababu zinatosha.

Mwaka 2006, miaka karibu 20 baadaye, mawakili wakaomba faili la mwendesha mashtaka kwa sheria ya uwazi wa nyaraka. Ndani yake mlikuwa na orodha ya majina. Ya weusi yalikuwa yamepakwa kalamu ya kijani kibichi, na pembeni pameandikwa maelezo kwamba kijani kinawakilisha weusi. Kulikuwa na herufi B kando ya majina, na karatasi nyingine ya watu ambao hawatakiwi kabisa, majina 6, matano ya weusi. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu, majaji 7 kwa 1, ikakubali kwamba hiyo ni nia.

Naam. Nia ilithibitika kwa sababu mtu hakuitupa karatasi. Huko Mississippi, Curtis Flowers alishtakiwa mara 6 kwa mauaji yaleyale na mwendesha mashtaka yuleyule, ambaye katika kesi hizo aliondoa weusi 41 kati ya 42 alioweza kuwaondoa. Katika kesi ya sita, weusi 5 walioondolewa waliulizwa maswali 145 kwa jumla. Wazungu 11 waliokaa waliulizwa 12. Hukumu ilitenguliwa 2019, na mwaka uliofuata mashtaka yakafutwa. Alikuwa amekaa ndani takriban miaka 23. Angalia kwamba hapo ni hesabu ndiyo iliyosema, 41 kwa 42 na 145 kwa 12. Mahakama inajua kuhesabu inapotaka.

Msomaji wa Kiswahili ana mlango wake wa kuingilia katika jambo hili. Aprili 2022, mjini Grand Rapids, Michigan, Patrick Lyoya, mkimbizi wa miaka 26 kutoka Kongo, alisimamishwa na polisi kwa suala la namba ya gari. Alikimbia, wakakurupushana na kugombania kifaa cha kupigia shoti ya umeme, na akapigwa risasi kichwani kwa nyuma akiwa amelazwa kifudifudi. Baba yake alizungumza na waandishi kwa Kiswahili, mkalimani akiwa pembeni. Polisi alishtakiwa kwa mauaji; mwaka 2025 juri ikashindwa kukubaliana, na mwendesha mashtaka akatangaza hatairudia kesi. Wengi wetu tulibishana: wengine wakasema alikimbia na akapigana, wengine wakasema angekuwa mzungu angekuwa hai. Sitaitumia kesi hiyo kama ushahidi wa hesabu za Baldus, na wanaoitumia hivyo wanakosea. Kesi moja haiwezi kubeba takwimu, kama Powell alivyosema takwimu haziwezi kuamua kesi moja. Ila lile swali la "angekuwa mzungu?", ambalo kila familia ya namna hiyo huuliza, kisheria halina pa kuulizwa. Mahakamani kinaulizwa kile alichokiona na kukiogopa askari. Ndiyo sheria, na ina sababu zake. Wazazi wanabaki na la kwao nyumbani.

Powell alisema twende kwenye mabunge. Baadhi walikwenda. Mwaka 2009 North Carolina ilitunga sheria iliyomruhusu aliyehukumiwa kifo kutumia takwimu za rangi kuomba adhabu ibadilishwe kuwa kifungo cha maisha, na 2012 Jaji Gregory Weeks akambadilishia mtu wa kwanza. Mwaka 2013 bunge jipya likaifuta sheria yote. Kwa hiyo anayesema "waachieni wabunge" aongeze kwamba wabunge huja na kuondoka, na mtu aliye chumba cha kifo hana kura.

California ilikwenda mbali zaidi mwaka 2020. Sheria yake inahusu jinai kwa jumla, si kifo peke yake, inakubali takwimu, na inasema waziwazi kwamba mshtakiwa halazimiki kuthibitisha nia. Ni McCleskey iliyopinduliwa juu chini. Waendesha mashtaka wanalalamika kwamba mahakama zitafurika maombi, kwamba data ni ngumu kuzipata na ni rahisi kuzipinda, na kwamba familia za waliouawa zitaburutwa upya kwenye kesi walizodhani zimekwisha. La mwisho hilo si la kudharau hata kidogo. Sheria hiyo imeanza kutumika kwa awamu, na kuanzia Januari 2026 inawafikia wote waliowahi kuhukumiwa kwa makosa makubwa, hata kama hukumu ni ya miaka mingi iliyopita. Ile hofu ya Powell, ya kwamba swali hili likiruhusiwa mfumo hautasimama, kwa miaka karibu 40 hakuna aliyeijaribu kwa kiwango hiki. Sasa inajaribiwa, katika jimbo lenye watu karibu milioni 40.